Mto Mara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtaje Mto Mara hapa Mwanza, na watu tisa kati ya kumi watakuuliza habari za nyumbu. Maswali hayo yamo humu, na yamejibiwa. Lakini sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu mto wa chini: Tarime, Rorya, Butiama, daraja la Kirumi na mafunjo yake. Huko ndiko mto unakoshika maisha ya watu wengi zaidi kwa upande wetu, na ndiko kusikopigwa picha.

Mto Mara unaanzia wapi na unaishia wapi?

Unaanzia Kenya, kwenye milima ya Mau, katika bwawa la Enapuiyapui lililo karibu mita 2,900 juu ya usawa wa bahari. Mito miwili, Amala na Nyangores, inashuka kutoka huko ikapita kwenye mashamba ya Bomet na Narok, na ikishaungana ndipo unapata Mara wenyewe. Mto Talek unaungana nao ndani ya hifadhi ya Maasai Mara. Baada ya mpaka, Mara unapita kaskazini kabisa mwa Serengeti, eneo la Kogatende na Lamai, kisha unageukia magharibi ukitenganisha Tarime na wilaya ya Serengeti. Mito midogo kama Tigithe na Somoche inauongezea maji. Halafu ardhi inalala, mto unapoteza haraka yake, na maji yanasambaa kwenye bwawa kubwa la mafunjo. Yanajikusanya tena karibu na Kirumi na kuingia ghuba ya Mara, iliyo na mji wa Musoma mdomoni mwake.

Urefu wote ni kilomita 395 hivi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanayofika Musoma yameshuka zaidi ya mita 1,700 tangu yatoke Mau.

Sasa ni mto wa Kenya au wa Tanzania?

Wa wote. Bonde lake lina ukubwa wa kilomita za mraba zinazokaribia 13,500. Asilimia 65 hivi ziko Kenya na 35 Tanzania. Sisi tuko chini, na hilo lina maana yake: kila kinachofanyika juu kinatufikia, cha heri na cha shari.

Nikitoka Mwanza kwa basi la Musoma, ni mto upi kati ya ile ninayovuka ulio Mara?

Hakuna hata mmoja. Swali hili linajirudia sana, na watu wameshabishana ndani ya basi mpaka Bunda. Ukitoka Mwanza, maeneo ya Magu unavuka Simiyu. Ukishapita Lamadi, karibu na geti la Ndabaka, unakutana na Mbalageti na Grumeti. Yote mitatu inamwaga maji kwenye Ghuba ya Speke. Grumeti ndio unaowachanganya watu, kwa sababu nao una nyumbu wanaovuka na mamba wakubwa wa kutajika.

Kuuona Mara inabidi usiingie Musoma mjini. Endelea na barabara kuu ya Tarime na Sirari mpaka daraja la Kirumi. Kutoka Mwanza ni zaidi ya kilomita 200.

Je, Mara ndio unaolijaza Ziwa Victoria?

Hapana. Maji mengi ya ziwa, zaidi ya asilimia 80, ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake. Katika maji yanayoletwa na mito, Kagera peke yake unaleta karibu theluthi moja. Mara unaleta asilimia 5 hivi. Simiyu, ambao wakati wa kiangazi unaweza kuonekana mchanga mtupu, unaleta kiasi kinachokaribiana na hicho ukipiga hesabu ya mwaka mzima, kwa sababu masika yake huja kwa kishindo.

Kinachoufanya Mara uwe wa pekee ni kwamba haukauki.

Kwa nini haukauki, wakati Grumeti na Mbalageti hubaki madimbwi?

Kwa sababu ya Mau. Kule mvua ni nyingi na hunyesha miezi mingi ya mwaka, na msitu wenye udongo mzito hushika maji hayo na kuyaachia kidogo kidogo. Grumeti na Mbalageti zinategemea mvua ya nyanda kavu. Mvua ikikatika, nazo zinakatika. Ndiyo maana ifikapo Agosti wanyama wa Serengeti hawana pengine pa kukimbilia ila kaskazini. Mara ndio mto pekee wa kudumu katika mfumo mzima wa ikolojia wa Serengeti.

Ukitaka kujua ugonjwa wa mto huu uko wapi, basi, anzia hapo hapo. Mwaka 2009 kikosi kazi cha serikali ya Kenya kilieleza kwamba takriban robo ya msitu wa Mau, zaidi ya hekta 100,000, ilikuwa imepotea kwa makazi, mashamba na ukataji miti. Msitu ukiondoka, mvua haikai. Inateremka siku ile ile na udongo wake, mafuriko yanakuwa makubwa zaidi, na kiangazi mto unapungua zaidi.

Nyumbu wanavuka lini hasa?

Kwa kawaida kati ya Julai na Oktoba, lakini nyumbu hawana kalenda. Wanafuata majani, na majani yanafuata mvua. Kundi linaweza kukaa ukingoni saa nzima, likageuka likarudi, na kesho yake likavuka mara mbili: kwenda na kurudi. Anayekuahidi tarehe anauza tiketi. Wanazaa kusini, upande wa Ndutu, mnamo Januari hadi Machi. Mei na Juni wako ukanda wa magharibi kwenye Grumeti. Kisha wanapanda kaskazini.

Wapo zaidi ya milioni moja, na pundamilia laki kadhaa pamoja na swala wanaandamana nao.

Ni kweli wanakufa kwa maelfu mtoni?

Ni kweli. Watafiti waliofuatilia vifo hivyo upande wa Kenya kuanzia 2001 hadi 2015 walipata wastani wa nyumbu wapatao 6,200 kwa mwaka, sawa na tani 1,100 za mizoga. Wengi hawaliwi na mamba kabisa. Wanakanyagana, wanazama, au wanafika ukingo mrefu usiopandika na kurudishwa na maji. Mamba anachukua sehemu ndogo tu ya karamu hiyo, maana tumbo lake lina mwisho na anaweza kukaa miezi bila kula.

Kinachofuata ndicho kinachonivutia zaidi kuliko kuvuka kwenyewe. Tai na korongo wala mizoga wanakuja siku za kwanza. Nyama laini inaoza ndani ya wiki chache, na samaki wanaila. Wakati huo karibu nusu ya chakula chao inaweza kutoka kwenye mizoga. Mifupa inabaki chini, ikaota utando wa mwani na vijidudu, na inaendelea kuachia fosforasi kwa takriban miaka saba. Yaani nyumbu aliyezama mwaka huu bado atakuwa analisha mto wakati kijana wa darasa la kwanza anamaliza la saba.

Siku zote nyumbu walikuwa wengi hivi?

La. Katika miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki na mifugo, ikaua ng'ombe kwa wingi wa kutisha na nyumbu na nyati vilevile. Wafugaji waliingia njaa. Ugonjwa uliendelea kurudi kwa miongo mingi, ukiua hasa ndama wa nyumbu. Ulipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe wa vijiji vilivyozunguka hifadhi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu walikuwa takriban robo milioni. Kufikia 1977 walikuwa wameshapita milioni 1.3.

Kwa hiyo mwujiza huo ambao watu wanavuka bahari kuja kuuona ulitokana na sindano za ng'ombe. Haitajwi sana kwenye matangazo ya utalii, sijui kwa nini. Pengine ng'ombe hapendezi kwenye bango.

Na viboko? Nasikia wanauchafua mto.

Kiboko hulala majini mchana na kula majani nchi kavu usiku. Anachokula huko anakuja kukiachia majini. Upande wa Kenya pekee wamekadiriwa zaidi ya viboko 4,000, na kinyesi chao kinafika tani 36 kwa siku. Kwa kiasi cha kawaida hicho ni chakula: wadudu na samaki wanakitegemea, na madini ya silika (silica) yaliyokuwa kwenye majani yanafika mtoni kwa njia hiyo na kulisha mwani mdogo ulio mwanzo wa mlo wa samaki.

Tatizo ni kiangazi. Maji yakipungua, madimbwi ya viboko yanajaa uchafu chini na oksijeni inakwisha. Mvua ya kwanza kubwa ikija inasukuma maji hayo yote kwa pamoja kwenda chini, na samaki wanakufa kwa kukosa hewa. Watafiti wameyashuhudia haya zaidi ya mara moja. Shika jambo hili, tutalirudia kwenye swali la mwaka 2022.

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulikujaje kuukata mto?

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari kutoka mlango wa Mto Umba, pwani, ukazunguka Kilimanjaro, ukaenda moja kwa moja mpaka ukingo wa mashariki wa Ziwa Victoria kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Hawakuuliza mto unapita wapi, wala Wakurya wanaishi wapi. Mpaka leo ukoo mmoja una ndugu Tarime na ndugu Kuria upande wa Kenya.

Hifadhi nazo zilifuata mstari huo. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 mipaka yake ikabadilishwa: Ngorongoro ikatengwa, na upande wa kaskazini ukaongezwa. Eneo la Lamai, lile lililo ng'ambo ya pili ya Mara, liliongezwa miaka ya 1960. Maasai Mara ilianza kuhifadhiwa mwaka 1961. Wanyama wanapita bila pasipoti, watalii wanageuzwa.

Ni watu gani wanaishi kando ya mto?

Upande wa Tanzania, Wakurya na Wangoreme juu. Ukishuka, Wasimbiti, Wakabwa, Wakiroba, Wazanaki walio nyuma kidogo upande wa Butiama, na Waluo upande wa Rorya. Wengi ni wafugaji na wakulima kwa pamoja. Mkoa wenyewe umechukua jina la mto.

Mafunjo ya Mara ni nini, na kwa nini watu wanasema yanaongezeka?

Ni ardhioevu iliyojaa mafunjo marefu kuliko mtu, inayoanza mbali juu ya daraja la Kirumi na kuenea pande zote mbili za mto. Kutoka barabarani unaona ukingo wake tu. Ndani kuna vijito vinavyojua njia zake wavuvi peke yao, visiwa vya majani vinavyohama, nzohe (swala wa kinamasi) wanaotembea juu ya matope kwa kwato ndefu, fisi maji, kenge, chatu, na ndege ambao hawaishi penginepo ila kwenye mafunjo.

Ni kweli yameongezeka. Picha za setilaiti zilizopigwa tangu miaka ya 1970 zinaonyesha hivyo. Wataalamu wanataja sababu mbili. Ya kwanza ni ziwa: kati ya 1961 na 1964 kina chake kilipanda zaidi ya mita mbili, maji ya mto yakakosa pa kwenda haraka, yakasambaa. Ya pili ni udongo kutoka juu, unaotua mto unapopunguza mwendo na kuinua sakafu yake. Mafunjo yanapenda hali zote mbili. Wenye mashamba ya bondeni hawazipendi: wapo waliopoteza malisho na bustani kwa maji yaliyokuja na hayakuondoka. Ziwa lilipofikia viwango vya juu tena mwaka 2020, hali hiyo ilijirudia mwambao mzima, mpaka huku kwetu Mwanza.

Wakati huohuo watu wanaishi kwa mafunjo hayo. Wanakata ya kusuka mikeka, kuezekea na kuwekea uzio. Kiangazi wanachoma moto ili ng'ombe wapate majani mabichi na wao wapate pa kulima mboga. Na kazi yake kubwa zaidi haionekani: yanachuja. Udongo na mbolea kutoka kilomita mia tatu za juu unanaswa humo kabla ya kufika ziwani.

Samaki gani wanapatikana?

Kwenye mafunjo, kambare na kamongo ndio wenyeji hasa, kwa kuwa wote wawili wanaweza kupumua hewa ya juu maji yakikosa oksijeni. Kamongo hufukia mwili wake kwenye tope dimbwi likikauka na kungoja mvua. Sato na gogogo wapo pia.

Ningu anastahili sentensi zake mwenyewe. Anaishi ziwani lakini mvua zikianza anapanda mtoni kutaga kwenye nyanda zilizofurika. Wazee wa mwambao wanamkumbuka kwa heshima. Tatizo ni kwamba nyavu zilitegwa kwenye midomo ya mito wakati huohuo anapopanda na mayai, na katika karne ya 20 akaporomoka ziwa zima. Leo ukimkuta sokoni umebahatika.

Sangara, aliyepandikizwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na 1960, akala furu wengi mpaka aina nyingine zikapotea, hapendi maji yenye oksijeni kidogo. Haingii ndani ya mafunjo. Kwa hiyo furu na vifaranga wa samaki wengine wana maficho humo. Kila anayeburuta kokoro, wavu wa kukokota, kwenye kingo hizo anavunja mlango wa hayo maficho.

Mwaka 2022 kulitokea nini Kirumi?

Mwezi Machi mwaka huo maji ya mto wa chini yaligeuka meusi, yakatoa harufu, na samaki wakaelea wamekufa. Wananchi walizuiwa kutumia maji na samaki hao. Kamati iliyoundwa na serikali chini ya Profesa Samwel Manyele ilieleza kwamba chanzo kilikuwa uchafu wa mifugo, kinyesi na mkojo, uliolundikana kwenye ardhioevu pamoja na mimea iliyooza, mvua zikausukuma na oksijeni ikaisha majini.

Wengi hawakukubali. Kwenye vijiwe na mitandaoni mkojo wa ng'ombe ukawa utani wa wiki kadhaa, na macho ya watu yaligeukia migodini. Maoni yangu ni haya: uchafu wa wanyama kumaliza oksijeni na kuua samaki si hadithi ya kutunga. Umeshaona habari za viboko hapo juu. Lakini ng'ombe wamekuwepo bondeni vizazi na vizazi, na mwanakijiji alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mwaka ule. Jibu la aina hiyo linahitaji vipimo vya maji vya miaka mingi vilivyobandikwa mahali watu wanaweza kuvisoma. Bila hivyo kila upande unabaki na ukweli wake.

Na hayo ya migodi yana msingi?

Hofu ina historia. Mwezi Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara, Nyamongo, yakaingia Mto Tigithe, unaomwaga Mara. Tangu hapo jambo lolote likitokea mtoni watu wanakumbuka Tigithe. Upande wa pili, wachimbaji wadogo wanatumia zebaki kukamatia dhahabu, na zebaki ikishaingia kwenye tope la mto haiondoki kwa mvua moja.

Nani anausimamia mto?

Upande wetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao makuu hapa hapa Mwanza. Kwa mambo ya nchi zote mbili ipo Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoko Kisumu. Tangu 2012 kuna Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, inayoadhimishwa kwa zamu Kenya na Tanzania.

Nina shamba kando ya mto. Naruhusiwa nini?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kuchota kwa ndoo kwa ajili ya nyumbani hakuna shida. Ukitaka kufunga pampu ya kumwagilia, unahitaji kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde.

Naweza kuogelea au kunywa maji yake?

Usiogelee. Kuna mamba mpaka chini kabisa, kuna viboko, na kwenye maji yaliyotuama kuna kichocho. Maji ya kunywa yachemshwe, hata kama wenyeji wanakuambia wameyanywa tangu utoto.

Nikitaka kuuona mto bila kulipa kiingilio cha hifadhi, niende wapi?

Sehemu mbili. Ya kwanza ni Kirumi: shuka upande wa makazi, tafuta mvuvi mwenye mtumbwi, mpatane bei kabla ya kupanda, na mwende asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza. Ya pili ni kivuko cha Musoma kwenda Kinesi, kinachokatiza ghuba ya Mara; ukikaa upande wa mashariki utaona mto unakotokea. Kirumi kwenyewe usisimame katikati ya daraja kupiga picha. Malori ya Sirari hayapunguzi mwendo.